Mtani wa Topasi

Katika daftari langu la mwaka ule, siku hiyo ina mstari mmoja tu: "Leo topasi amezikwa. Mzigua amecheza." Nilikuwa na mazoea ya kuandika mengi, hata mvua ilipoanza na ilipokoma, lakini siku ile niliandika hayo nikafunga daftari. Nilidhani nitaendelea kesho yake. Sikuendelea, na sasa nayaandika nikiwa mtu mzima, kwa hiyo msomaji aniwie radhi kila nitakaposema "nadhani". Nilisoma mpaka darasa la nne tu. Nitajitahidi nisimwongezee mtu wala nisimpunguzie, na mimi mwenyewe nikiwamo.

Tulikuwa tukikaa Makorora, mjini Tanga, mimi na mume wangu, ambaye alikuwa akifanya kazi bandarini. Nyumba za mtaa wetu zilikuwa na baraza mbele na ua nyuma, na mwisho wa ua ndipo penye choo. Vyoo vyenyewe vilikuwa vya ndoo. Nyuma ya kila choo, upande wa uchochoroni, palikuwa na kidirisha cha mbao chenye bawaba. Kila alfajiri topasi alipita na mkokoteni wake, akafungua kidirisha, akavuta ndoo, akaimwaga ndani ya pipa, akairudisha mahali pake. Ilimlazimu aseme kabla ya kufungua, maana pengine mtu yumo ndani. Alisema, "Hodi, mama, natoa."

Hakuna aliyemjibu kwa mdomo. Sijui nani alianza. Kila nyumba ilikuwa na alama yake. Jirani yangu wa kulia alikohoa. Kwa mwalimu wa chuo cha Kurani waligonga ukuta mara mbili. Wengine walifunga dirisha kwa kishindo, na hilo nalo likahesabiwa kuwa jibu. Mimi niligonga mfuniko wa sufuria, mara moja, kisha mara mbili za haraka. Niliikuta desturi hiyo nilipoletwa pale bibi arusi nikaifuata, nikajiambia ndiyo adabu ya mji, mwanamke hapayuki na mwanamume asiyemwona kabla jua halijatoka. Lakini muuza maziwa naye alipita alfajiri, na huyo nilimjibu kwa mdomo, tena nikamuuliza hali ya watoto.

Topasi tulimwita Mnyamwezi. Enzi zile, sisi watu wa mjini, kila mtu wa bara aliyefanya kazi nzito tulimwita Mnyamwezi, awe ametoka Tabora au kwingineko. Walikuja kwa mkataba kukata mkonge. Mkataba ukiisha wengine walirudi kwao, wengine wakateremka mjini wakashika kazi ambazo wenyeji hatukuzitaka. Yeye hakukanusha kwamba ni Mnyamwezi. Wala hakuna aliyemuuliza hata akanushe.

Aliyezungumza naye alikuwa mtu mmoja tu, mama wa Kizigua aliyekuwa akiuza mihogo ya kuchoma kando ya njia ya kuendea Nguvumali. Alikuwa mjane, mnene, mwenye sauti ya kufika mbali, na alikuwa na kipaji cha kuigiza watu. Ungeweza kupita mbele yake ukidhani hakukuona, ukisikia kicheko ukageuka, unajiona mwenyewe unatembea nyuma yako, na kikapu chako, na mabega yako. Tulimcheka na tulimwogopa.

Sasa, Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara. Mtani anakutukana na wewe unacheka. Anakunyang'anya kofia na huna pa kushtaki. Ukifa anakuja msibani, anavaa nguo zako, anakuigiza ulivyotembea na ulivyosema mbele ya maiti yako, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Anayekasirika ndiye mkosa. Basi yule mama aliposikia kuwa topasi ni Mnyamwezi, alimchukua akawa mtani wake.

Topasi akishamaliza kazi na kunawa bombani, alipita pale penye mihogo. Mama ndiye aliyekuwa akimwanza. "Wewe Mnyamwezi, bado hujafa tu? Kaburi nimeshakuchimbia, sasa linaota majani." Naye alisimama mbali kidogo na jiko, kwa kujua watu wanavyomwonea kinyaa, akajibu polepole, "Lipime wewe kwanza, mama. Likikuenea wewe, mimi na ukoo wangu wote tutaingia." Waliokuwa wakila mihogo walicheka, na aliyechekwa alikuwa mama, si yeye. Nililisikia hilo kwa masikio yangu, nikacheka, nikaenda zangu. Alfajiri iliyofuata niligonga mfuniko kama kawaida.

Kisha ikatokea siku mbili mfululizo ndoo hazikutolewa. Nakumbuka tulivyolalamika. Nimejaribu kukumbuka kama yuko hata mmoja aliyesema labda mtu huyu anaumwa, na nisingependa kumdhulumu aliyesema halafu nikamsahau, lakini simkumbuki. Mimi nilisema watu wa siku hizi ni wavivu.

Siku ya tatu, bibi aliyempangisha kibanda cha uani alisukuma mlango akamkuta na homa, anaweweseka kwa lugha ambayo bibi hakuielewa. Adhuhuri akafa, hata hajapata kupelekwa hospitali.

Bibi alisema alikuwa Mkristo. Jumapili alivaa shati jeupe, akakaa mlangoni akiimba polepole akiwa na kitabu mkononi. Ndipo akaitwa mwinjilisti wa Kilutheri, kijana mwembamba wa Kishambaa, akaja kesho yake asubuhi na sanduku la mbao ambazo hazikupigwa randa. Walikuja pia matopasi wawili, wenzake marehemu. Basi wakawa watatu. Na habari ilikuwa imekwisha letwa kwamba kama hadi saa sita hakupatikana watu wa kumzika, litakuja gari la bwana afya limchukue, naye azikwe na vibarua, hivyo hivyo, bila watu. Makaburi ya Wakristo yalikuwa mbali. Sanduku lile lilitaka watu wanne wa kulibeba na wengine wanne wa kuwapokea njiani.

Wanaume wa mtaa walikuwa barazani. Ilikuwa siku ya mapumziko, wote walikuwapo. Mwinjilisti alipita akiwasalimu baraza moja baada ya nyingine, akaeleza, wakamsikiliza kwa heshima. Nataka kuwatendea haki. Mmoja alisema mgongo unamuuma, na kweli mgongo ulikuwa ukimuuma. Wengine walisema marehemu si wa dini yetu, mambo yake hatuyajui, tusije tukakosea. Mwalimu wa chuo aliwaambia wazi kuwa kumbeba jirani si dhambi, lakini alipokwisha kusema hivyo naye hakuinuka. Mume wangu alisema ana zamu jioni. Hakuna aliyetaja ndoo. Nadhani sote tulikuwa tukiiwaza ndoo.

Ikapata saa tano. Sanduku lilikuwa limewekwa juu ya viti viwili mbele ya nyumba ya yule bibi, na mwinjilisti amesimama kando yake na kitabu kifuani, hajui aanze au asianze.

Ndipo mama wa Kizigua alipokuja. Aliacha mihogo motoni. Alipita katikati ya watu, akaingia uani, akakaa huko kidogo, na alipotoka alikuwa amevaa shati la kaki la marehemu juu ya kanga zake, shati halifungiki kifuani, gunia begani, ndoo mkononi. Watu wakaanza kucheka kabla hajafanya lolote. Alisimama mbele ya sanduku akalipiga kofi.

"Wewe Mnyamwezi, umelala mpaka saa hizi? Vyoo vya watu vimefurika, wewe umejifungia ndani kama bibi arusi."

Watu wakacheka sana. Mwinjilisti alishtuka, lakini topasi mmoja alimshika mkono akamnong'oneza, nadhani alimweleza mambo ya utani.

Kisha mama akaacha kusema, akaanza kutembea. Sijui niandike vipi. Mama yule mnene akawa mwembamba. Bega la kushoto likashuka kwa uzito wa ndoo ambayo haikuwa na kitu. Mguu mmoja ulikuwa ukiburuta. Alitembea amejibana na kuta za nyumba zetu, uso ameuelekeza ukutani, na penye kona alisimama kwanza akasikiliza kama kuna mtu anakuja, ili ampishe. Sisi hatukuwahi kumwona mtu huyo akitembea, maana njia yake ilikuwa uchochoroni, nasi tulikuwa ndani. Siku hiyo mama alimpitisha mbele.

Akafika baraza ya kwanza. "Hodi, mama, natoa." Ilikuwa sauti ya marehemu hasa, ile nzito yenye kukwaruza. Halafu akanyooka, akawa mwenye nyumba, akakohoa. Akainama tena, akawa topasi, akavuta ndoo, akaenda baraza ya pili. "Hodi, mama, natoa." Akanyooka, akagonga ukuta mara mbili. Baraza ya tatu alifunga dirisha kwa kishindo, dirisha ambalo halikuwapo, na sote tulilisikia.

Kicheko kilikuwa kimekwisha, sijui kilikwishia nyumba ya ngapi. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango pamoja na wanawake wengine. Alipofika kwetu alisema maneno yale yale, kisha akagonga ndoo kwa kidole, mara moja, kisha mara mbili za haraka. Nilihisi masikio yanapata moto. Hakuna aliyenitazama, kwa sababu kila mmoja alikuwa anangojea ya kwake.

Nimejiuliza sana alijuaje. Yule mama hakuwa mtu wa kukaa uchochoroni alfajiri. Nadhani marehemu ndiye aliyetuigiza mbele yake, pale penye mihogo, nyumba kwa nyumba. Basi kumbe alikuwa akitusikia. Alikuwa akitujua kwa vikohozi vyetu.

Hapa kuna jambo lazima niliseme. Jirani yangu wa kulia aliigizwa akijiziba pua kwa ukingo wa kanga, na ni kweli alikuwa akijiziba. Lakini mwanamke yule ndiye aliyekuwa akimwekea topasi chai ndani ya kopo pale kidirishani, si kila siku, lakini mara nyingi. Nilikuwa nikiliona lile kopo. Mama wa Kizigua ama hakujua, ama lilimharibia mchezo, sijui. Jirani hakujitetea. Alilia kuliko sisi sote, na mimi ambaye sikupata kumpa hata maji nilikuwa nimesimama macho makavu.

Alipomaliza nyumba zote, mama alirudi kwenye sanduku. Akaweka ndoo chini. Akaligonga sanduku kwa vidole, taratibu, akasema kwa sauti ile ile, "Hodi, baba, natoka."

Akainamisha kichwa, akatega sikio. Akangoja.

Sidhani kama ilizidi muda wa kunywa kikombe cha maji, lakini mimi niliona ni mrefu. Mtoto mmoja alilia akanyamazishwa. Kisha mwalimu wa chuo akainuka, akaweka sawa kofia yake, akateremka barazani. Akasema, "Karibu." Alilisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeona haya. Mwingine akasema, "Karibu, baba." Wakawa wanateremka mmoja mmoja. Yule wa mgongo naye akaja. Mume wangu alikuwa wa tano au wa sita, nisimpe nafasi isiyo yake, lakini alikwenda, akabeba mpaka makaburini, na zamu ya jioni aliiwahi amechoka. Gari lilipokuja saa sita lilikuta viti viwili vitupu.

Wiki iliyofuata alipewa kazi topasi mwingine. Alfajiri ya kwanza aliposema hodi, jirani yangu akamjibu "Karibu, baba, umeamkaje?" nikasikia kidirisha kimemponyoka, nadhani aliogopa. Mimi nilijibu wa tatu au wa nne. Wazee walikubaliana kila nyumba iweke debe la maji na kipande cha sabuni upande wa uchochoroni, na wakapeleka maneno ofisini matopasi wapewe viatu. Viatu vilikuja, baada ya muda mrefu. Sabuni ilidumu katika nyumba nyingi, katika nyingine ilikwisha na haikuwekwa tena. Kuitikia kulidumu. Siwezi kusema tuligeuka watu wema. Nasema tuliitikia.

Lakini nimekimbilia mbele. Siku ya nne baada ya maziko alikuja mdogo wake marehemu. Mwinjilisti alikuwa amepeleka habari mashambani, ikamfikia huko Maramba alikokuwa na mkataba wa kukata mkonge. Alikuwa kijana mrefu, mikono imejaa makovu ya miiba. Alituambia alikuja Tanga kumtafuta kaka yake, maana ni miaka saba hawajaonana, na alikuwa akingoja mkataba uishe ndipo ateremke mjini kumwulizia.

Tulimkalisha uani kwa yule bibi, nikampelekea uji. Watu walimpa pole. Mmoja wetu, kwa nia njema kabisa, alimsimulia jinsi mama wa Kizigua alivyocheza na mtaa mzima ukalia. Kijana aliweka bakuli chini. Akauliza huyo mama yuko wapi. Mama akaitwa, akaja anafuta mikono kwa kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Ndiye wewe uliyevaa shati la kaka yangu?"

"Ndiye mimi, mtani wake. Na wewe mtani wangu, tena unakuja tumekwisha zika, umengoja harufu ya pilau nini?"

Kijana hakucheka. Alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko ugomvi, "Sisi si Wanyamwezi, mama. Sisi ni Wabena, kwetu Njombe. Sisi na Wazigua hatuna utani."

Ambaye hakukulia katika mambo haya labda haelewi. Utani ndio uliokuwa ruhusa ya mama. Bila huo, alichofanya ni kuvaa nguo za maiti ya mtu baki, akampiga kofi mbele ya watu na kumdhihaki amelala ndani ya sanduku. Bibi mwenye nyumba alianza kuomba radhi kwa niaba ya mtaa. Mama wa Kizigua alikaa chini, palepale mchangani, na sijapata kumwona amekaa vile.

"Basi mbona alikuwa akinijibu?" alisema. "Miaka minne, baba. Kila asubuhi namtukana, kila asubuhi ananijibu. Si angeniambia?"

"Sijui, mama."

Mimi nina wazo langu. Angesema yeye si Mnyamwezi, mama angemwomba radhi na kumwachia njia yake, na katika mji mzima asingebaki mtu wa kumsemesha. Lakini sikuwa moyoni mwake, huenda nakosea.

Tulidhani kijana ataondoka. Badala yake akasema, "Nionyeshe."

Mama alikataa. Alisema hana haki. Kijana akasema yeye ndiye anayempa haki. Bibi akalileta lile shati la kaki. Mama alilivaa, akatembea kando ya ukuta wa ua, bega limeshuka, mguu unaburuta, uso ukutani. Kijana alitazama mpaka mwisho. Akatikisa kichwa.

"Huyu simjui," alisema. "Kaka yangu alikuwa akitembea katikati ya njia. Mguu wake ulikuwa mzima."

Mama akasimama, hajui afanye nini. Halafu, nadhani bila kukusudia, mwili wake ukageuka. Alirudi nyuma hatua mbili, kama mtu anayejitenga na jiko la mihogo, akashika kiuno, akainua kidevu, jicho moja akalifumba kidogo, akasema kwa sauti ya marehemu, "Mnataka kunioa, Wazigua? Mahari yangu hamuiwezi. Leteni ng'ombe kumi, na ngoma mbili, na mbuzi mmoja wa kuniamsha."

Kijana aliinuka.

"Huyo," alisema. "Huyo ndiye. Nyumbani harusi ilikuwa haianzi mpaka yeye afike." Akajifuta uso kwa mkono. "Rudia, mama."

Mama akarudia, na kijana akacheka, na machozi yakawa yanamtoka. Akamwomba tena. Mara ya tatu mama alifika kwenye ng'ombe, sauti ikamkatikia. Akalivua shati, akalikunja vizuri, akampa. Kijana alilishika kidogo, akamrudishia.

Alichukua shati jeupe la Jumapili na kile kitabu cha nyimbo. Alipokuwa akituaga alituambia kuwa mama yao yu hai, na kwamba atakaporudi kwao swali la kwanza atakaloulizwa ni kaka yako alikuwaje huko Tanga, na yeye hajui amweleze yupi.